Salamu kwa Lucky

Machame,
9 Februari 2025

Kwako mdogo wangu Eunike,

Natumaini ulifika shuleni salama na sanduku lako halikufunguka njiani. Huku hatujambo. Mama anakohoa na anakataa kwamba anakohoa. Ng'ombe amezaa dume, na Baba amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyemshauri azae dume.

Sasa habari zangu. Unakumbuka mwaka jana sikwenda chuo, nikamwambia Baba ni afadhali nisubiri, nijiongezee somo moja la kujisomea nyumbani, ili nikiomba tena niombe nikiwa na nguvu. Basi Jumapili iliyopita, baada ya chakula, Baba akaniuliza mbele ya baba mdogo ni somo gani hilo. Nilikuwa sijajiandaa. Nikasema Kifaransa.

Ungemwona. Aliweka kijiko chini. Unajua miaka yote aliyobeba mizigo mlimani alikuwa akiwasikia Wafaransa wakicheka ndani ya mahema na hajui wanamcheka nani. Wenzake waliojua lugha wakawa waongoza watalii, yeye akabaki mpagazi mpaka magoti yakamgomea. Alisema, "Mwanangu atawaelewa." Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nina ombi. Lucky, yule kijana wa jirani yetu Mama Rachel, anarudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea kule Bomang'ombe. Ameniomba nimfundishe. Mimi kidato cha tano na cha sita nilisoma Historia, Jiografia na Kiingereza, hesabu nimezisahau. Wewe uko kidato cha nne na unazo kichwani. Niandikie habari ya milinganyo, polepole, kama unamweleza mtu asiyejua kabisa. Hesabu zake alizojaribu nimeziambatanisha uzisahihishe. Usimtajie Baba, atasema Lucky ananipotezea muda wa Kifaransa.

Kaka yako,
Isack


Shuleni,
2 Machi 2025

Kaka Isack,

Shikamoo. Hii ni shikamoo ya heshima maalumu, maana siku hizi wewe ni Mfaransa.

Kwanza ujue kwamba mwaka huu kila barua inayoingia na kutoka hapa inapita kwa Matroni Bernadetha. Akimaliza kuisoma anaandika "Imesomwa" chini kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo na wewe Matroni, shikamoo.

Sasa mwanafunzi wako. Kati ya hesabu tano amepata moja, na hiyo nadhani aliotea. Nimezitazama sana, na nakuambia Lucky hana makosa mengi, analo moja tu analolirudia. Anatoa namba upande mmoja wa mlinganyo, upande wa pili anauacha vilevile. Mkumbushe ile mizani ya zamani ya sahani mbili aliyokuwa nayo Bibi kwenye kibanda chake Kiboriloni. Ukitoa kitu sahani hii, toa na sahani ile. Usipotoa, kuna mtu unamwibia. Akishika hilo tu, nusu ya somo analo.

Nimeandika mifano kumi kwenye karatasi ya pili. Ajaribu bila kutazama majibu nyuma. Mwandiko wake, kwa njia, unafanana na wako mpaka ule mkia wa namba saba. Nadhani ulimnakilia.

Mimi nimechaguliwa kiranja wa taaluma. Mwambie Mama, atafurahi. Baba mwambie taratibu asije akatangaza kanisani.

Wako,
Eunike

Imesomwa. B.


Machame,
11 Aprili 2025

Mdogo wangu Eunike,

Barua hii anakuletea Mama mkononi, siku ya kutembelea. Nimeiweka chini kabisa ya chombo cha kiburu, zile ndizi zake za maharage, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa hiyo Matroni haitamfikia. Mama hajui imeandikwa nini. Isome ukiwa peke yako.

Hakuna Lucky. Yaani Lucky yupo, lakini yuko Dar es Salaam anauza vifuniko vya simu na hana habari na milinganyo. Anayerudia Hisabati ni mimi.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, Baba alikaa kwenye kigoda pale uani na mimi nikamsomea kutoka kwenye simu. Nilisema divisheni, nikasoma somo moja baada ya jingine, nikafika Hisabati nikaliruka. Lilikuwa F. Hakuuliza, maana alikuwa ameshaanza kuimba. Wewe ulikuwa umetoka kumaliza darasa la saba, ulikuwa unakata majani ya ng'ombe. Nilidhani halitanifuata tena. Mwaka jana nilipoomba chuo, kila kozi ya biashara niliyoitaka ilidai angalau D ya Hisabati. Hawakunichukua. Sikusubiri kwa hiari, Eunike, nilikataliwa.

Nilichagua Kifaransa kwa sababu hakuna mtu kijijini kwetu anayeweza kunipima. Ndivyo nilivyofikiri. Jumapili iliyopita ilikuwa shukrani, na tulikuwa na mgeni, mchungaji kutoka Kongo. Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akasimama kwenye matangazo na kusema kijana wake anajisomea Kifaransa na atampa mgeni salamu za usharika. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilisimama nikasema *bonjour*, nikasema *merci*, halafu nikataja siku za wiki kwa sauti ya mtu anayekaribisha. Nilipofika Alhamisi mchungaji alinishika mkono akanong'ona kwa Kiswahili chao, "Inatosha, kijana." Akawageukia watu akawaambia nimemkaribisha vizuri sana na Mungu aibariki nyumba iliyonilea. Kwenye mnada wa matoleo baada ya ibada Baba aliushindania mkungu wa ndizi tuliouleta wenyewe mpaka akaununua tena, kwa furaha tu. Nilimsaidia kuubeba kurudi nyumbani. Kichwa kilikuwa chini njia nzima, na watu walidhani ni kwa sababu ya uzito.

Naona aibu kukuandikia haya, na wewe ni mdogo kwangu. Lakini nimejaribu kujisomea peke yangu na sielewi mpaka nisome maelezo yako. Naomba uendelee kunifundisha. Na naomba uniahidi hutamwambia Baba wala mtu mwingine mpaka nimalize mtihani Novemba. Nikifaulu nitamwambia mwenyewe. Kwa ajili ya Matroni, tuendelee kusema Lucky.

Isack


Shuleni,
27 Aprili 2025

Kaka Isack,

Shikamoo. Kifurushi cha Mama nimekipata chote, mpaka kilichokuwa chini kabisa.

Habari za Lucky ulizonieleza nimezielewa. Mwambie nilikasirika. Nilikaa na hasira yangu darasani mpaka mwenzangu Pamela akaniuliza kama naumwa. Mwambie kudanganywa na mtu unayempenda kunauma, tena bila sababu, maana angeniambia ukweli tangu mwanzo ningemfundisha vilevile na ningemcheka kidogo tu.

Lakini nampenda, siwezi kumwacha njiani. Ahadi aliyoiomba nimempa. Sitamwambia mtu.

Sasa turudi kwenye kazi. Ile mifano kumi uliyonirudishia amepata sita. Minne aliyoikosa ni kosa lake lilelile, anatoa upande mmoja. Kwa nini lakini? Mkono wake unaharakisha kufika kwenye jibu kabla hajauhurumia upande wa pili. Aandike mstari katikati ya ukurasa, kushoto na kulia, na asivuke mpaka pande zote mbili ziwe sawa. Nimemwekea na pembetatu, azianze.

Msalimie sana Lucky.

Eunike

Imesomwa. B.


Machame,
29 Juni 2025

Mdogo wangu Eunike,

Pole na kambi ya masomo. Tulidhani utakuja likizo, Mama alikuwa ameshatenga jogoo. Jogoo anakusalimia, anasema asante.

Lucky amefanya mtihani wa majaribio kituoni Bomang'ombe na amepata thelathini na nne. Kwa watu wengine ni namba ya kuficha, kwake ni D kamili. Alikaa nje ya kituo kwenye jiwe akaitazama karatasi ile mpaka wenzake wakaondoka. Anasema hakuna mtu aliyewahi kumvumilia kama wewe, na mtihani ukiisha kitu cha kwanza atakachofanya ni kuja kukuona uso kwa uso. Anasema barua zako anazo zote chini ya godoro.

Baba alikwenda Moshi mjini kwa daktari wa magoti, akapita kwa wauza vitabu vya mitumba na kuninunulia kamusi ya Kifaransa. Jalada limechanika, amelibandika kwa gundi mwenyewe. Kila jioni anataka neno moja. Juzi aliuliza mlima wanauitaje, nikatafuta nikamwambia *montagne*. Tangu hapo anawaambia ng'ombe *montagne*, anamwambia Mama *montagne*, na kila mawingu yanapofunguka huko juu anasimama mlangoni analisema polepole peke yake. Siwezi kukueleza ninavyojisikia. Kamusi nimeiweka chini ya vitabu vya hesabu nisiione.

Kaka yako,
Isack


Ofisi ya Matroni,
4 Agosti 2025

Bw. Eliamini,
Machame.

YAH: KUFIKA SHULENI KUHUSU MWENENDO WA BINTI YAKO EUNIKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika ukaguzi wa kawaida wa barua imebainika kwamba binti yako ana mawasiliano ya kimapenzi na kijana anayeitwa Lucky. Salamu na ahadi zao zinapitishwa kwa kaka yake. Alipohojiwa Lucky ni nani, mwanafunzi alikataa kujibu. Kwa sasa ameondolewa kwenye uongozi wa taaluma.

Unaombwa kufika Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi. Mwenendo huu usipokoma, mwanafunzi atatakiwa kufanya mtihani wa taifa akitokea nyumbani.

Ahsante.

Bernadetha,
Matroni


Machame,
17 Agosti 2025

Mdogo wangu Eunike,

Pamela amekuja kwao kumzika babu yake, anarudi huko kesho. Nimemwomba akupe hii mkononi.

Baba alirudi ile Jumamosi jioni. Alivua viatu, akaviweka sawasawa, akaenda shambani na panga akakata majani makavu ya migomba mpaka giza likaingia. Mama alipomuuliza alisema tu, "Lucky wa Mama Rachel." Mama alikwenda kwa Mama Rachel, na Mama Rachel akasema Lucky hajafika Machame tangu Krismasi iliyopita. Wameanza kufikiri ni Lucky mwingine, mtu mzima labda, mtu wa huko huko karibu na shule. Mimi waliniita wakaniuliza nilikuwa napitisha salamu za nani. Nikasema niliambiwa tu nisalimie, sikujua zaidi.

Najua nilichokifanya. Nilipokuwa nasema niliiona sura yako. Lakini Eunike, imebaki miezi mitatu tu. Nikimwambia sasa, yote yanaanguka kwa siku moja, F, chuo, Kifaransa, kamusi, yule mchungaji. Ataniuliza kwa nini nilimwacha asimame kanisani. Nikiwa na D mkononi nitaweza kumtazama. Wewe una akili, ukiranja utaupata tena hata chuoni, na mtihani utaufanya popote. Vumilia mpaka Novemba. Nakuomba.

Isack


Shuleni,
24 Agosti 2025

Kaka Isack,

Shikamoo. Ujumbe nimeupata.

Mimi sijambo. Nilisimamishwa mstarini Jumatatu ya kwanza ya Agosti, nikavuliwa beji ya ukiranja. Amepewa msichana mwingine na anaifanya kazi vizuri.

Baba aliniuliza mara moja tu, mbele ya Matroni, huyo Lucky ni nani. Nilikuwa nimeahidi, nikanyamaza. Akasema nimemvua nguo mbele za watu. Akasema likizo fupi ya Septemba nisije nyumbani, nibaki hapa nijifikirie. Mama alikuwa amempa kiburu aniletee. Niliisikia harufu yake kwenye kikapu. Aliondoka nacho.

Mwambie Mama asijisikie vibaya. Naamini hakikuharibika njiani na kuna mtu alikila.

Hesabu sitaandika tena, nimekatazwa.

Eunike

Imesomwa. B.


Machame,
7 Septemba 2025

Mdogo wangu Eunike,

Matroni Bernadetha, shikamoo. Barua hii naomba uisome yote mpaka mwisho, na ukitaka umsomee Mkuu wa Shule. Lucky ni mimi, Isack, kaka yake wa tumbo moja. Nilifeli Hisabati kidato cha nne, narudia mwaka huu, na Eunike alikuwa ananifundisha kwa barua. Jina la Lucky nililitunga mimi kwa kuona aibu. Upendo uliousoma mle ni wa dada kwa kaka yake mjinga. Hana kosa lolote.

Eunike, umetaja kiburu. Nilikila mimi. Jioni ile Mama alikiweka mezani, Baba akasema tule, chakula hakitupwi. Nilikula nikamaliza, hata nikaongeza. Nilijua kilikuwa cha nani na kwa nini kimerudi, na mkono ulikuwa unakwenda na kurudi tu. Sikutaka wanione nimeshindwa kula wakaniuliza sababu. Barua yako ilipofika nikasoma mahali uliposema kuna mtu alikila, nikashindwa kuimaliza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama tulivyoona watu wazima wakifanya wakienda kuombana radhi. Baba alikuwa anakamua. Nikalishika kwa mikono miwili nikampelekea. Alilitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Umemkosea nani?" Nikasema, "Wewe, Baba." Akafuta mikono akalipokea. Nilijua atalipokea, isale halikataliwi, na nakiri kwamba nilikuwa nimelihesabia hilo.

Ndipo nikamweleza, kuanzia siku nilipomsomea matokeo pale uani. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Lucky alikalia ndoo ya maziwa iliyokuwa tupu. Hakuuliza habari ya Kifaransa wala ya chuo. Alisema neno moja tu, "Kiburu," halafu akainuka akaingia ndani.

Leo asubuhi nilimwomba asiseme kanisani. Akanijibu, "Nililitangaza mimi, nitalirudisha mimi." Kwenye matangazo alisimama, magoti yale yakimuuma, akasema kijana wake hasomi Kifaransa, anasoma Hisabati ya kidato cha nne kwa sababu alifeli, na yeye aliwaambia usharika jambo ambalo hakulijua. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilikaa pale nikitazama kitabu cha nyimbo, nikawa nasoma namba za nyimbo tu.

Kamusi ameichukua. Sijui ameiweka wapi.

Kaka yako,
Isack


Machame,
10 Septemba 2025

Binti yangu Eunike,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko.

Ndani ya bahasha hii kuna isale. Si jipya, limeanza kukauka kwenye ncha. Ni lile alilonipa kaka yako. Nililipokea kwa kuwa halikataliwi, nikaliweka kwenye Biblia yangu. Kila nikifungua Biblia nalikuta pale. Nimeona nimekaa na kitu kisicho changu. Aliyekosewa sana katika nyumba hii si mimi.

Na mimi nimo katika waliokukosea. Nilikuuliza mara moja, uliponyamaza nikakuhukumu, sikukuuliza mara ya pili. Nimebeba mizigo ya watu wengi mlimani, mizito, na sikuwahi kujuta kubeba. Kile kikapu cha mama yako kilikuwa chepesi sana na sikutakiwa kukibeba kukirudisha. Njia nzima kilikuwa na joto mapajani.

Kwetu mzazi hampelekei mtoto isale. Baba yangu asingefanya, na wazee wenzangu wakisikia watasema nimezeeka vibaya. Waseme. Nimekukosea, mwanangu. Naomba unipokee.

Nimemwandikia Matroni barua yake tofauti kwamba arudishe alichokuvua. Likizo fupi uje nyumbani.

Kaka yako ananiuliza kila jioni kama nataka neno. Nimemwambia nalo moja linanitosha. *Montagne*. Ni neno zuri, hata kama lilikuja kwa njia mbaya.

Aika, asante, mwanangu.

Baba yako,
Eliamini


Shuleni,
21 Septemba 2025

Kaka Isack,

Sikuamkii leo. Nitakuamkia nikimaliza.

Barua ya Baba ilifika Jumatano. Matroni aliniita ofisini, nikajua ni balaa jingine. Bahasha ilikuwa wazi kama kawaida, lakini jani alikuwa amelirudisha ndani. Yeye ni Mchagga wa Kibosho, alijua ni nini. Hakusema kitu. Alinipa, akavuta kiti kwa ajili yangu, akatoka yeye akaniachia ofisi yake. Nililia mle ndani mpaka kengele ya chakula. Ijumaa yake beji nilivalishwa tena mstarini, mbele ya walewale walioona nikivuliwa.

Baba nimemjibu. Lake nimelipokea, nimeliweka kwenye daftari la Hisabati. Siku nzima baada ya hapo nilikuwa na furaha, halafu usiku nikakasirika upya, na nikachukua muda kujua nimemkasirikia nani.

Ni wewe. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali uliponiomba radhi, hapapo. Umemwamkia Matroni ukanisafisha kwake, na nashukuru. Umenisimulia kiburu, umenisimulia kanisa, umenieleza barua yangu ilivyokushinda kuimaliza. Isale ukakata. Ukampelekea Baba. Alipokuuliza umemkosea nani, ulisema yeye. Ulimpelekea mwenye nguvu ya kukufukuza nyumbani, na mimi niliyesimama mstarini kwa ajili yako ukaniandikia habari. Mpaka Baba, ambaye hajui mlinganyo ni nini, ameona upande wa pili umebaki vilevile, akautengeneza yeye kwa isale lako.

Ni kosa lilelile la Lucky, Kaka. Tangu Machi nakuandikia.

Sisemi nitakukataa. Isale halikataliwi, umeshasema ulilihesabia hilo. Lakini lazima uje nalo. Baba amesema atanifuata Jumamosi likizo ikianza, na mimi nimemwambia apumzishe magoti, uje wewe. Uje na lako, ulilolikata kwa ajili yangu. Usimpe Mama akubebee, usiliweke chini ya chakula, usimpe Pamela. Simama getini na ulishike mahali watu wanapoliona. Mabinti watachungulia madirishani, wataulizana huyo kaka kafanya nini. Mimi nilichunguliwa, sikufa.

Baada ya hapo tutakaa njiani nikuulize pembetatu. Novemba tutafanya karatasi moja asubuhi moja, wewe Bomang'ombe na mimi hapa, na sitaki nikiwa kwenye swali la tatu nianze kukufikiria.

Shikamoo.

Mdogo wako,
Eunike

Imesomwa. Geti linafunguliwa saa tatu. Kutoka Machame mpaka hapa ni mbali na jua ni kali, isale lifunge kwenye jani la mgomba lisinyauke. B.